Masisi na Walikale: Ngoma, hadithi na rangi kama shule ya roho

Jumamosi mchana, kama njia ni salama, makanisa mengi ya Masisi na Walikale yanasikika toka mbali kabla ya kuonekana. Ni saa ya repetisyo. Korali ya wamama iko upande mmoja, ya vijana upande mwingine, na kila moja iko na maestro wake. Anasimamisha wimbo, anarudisha sauti ya pili, anaonyesha hatua za miguu, kisha wanaanza tena.

Hakuna anayeita jambo hilo "atelye ya sanaa". Lakini ni vile: watu wanakutana kwa siku na saa inayojulikana, wako na mwalimu, wanajifunza kazi ya koo, mikono na miguu. Kupitia kazi hiyo wanajifunza pia kusali, kuomboleza, kusamehe na kungoja. Katika milima ya Masisi na pori la Walikale, masomo ya roho hayakutolewa kwa maneno matupu tangu zamani. Yalitolewa kwa ngoma, hadithi, sanamu na mchezo. Leo vita vinatawanya walimu na wanafunzi wa shule hiyo, na ndiyo sababu inafaa kueleza vile inavyofanya kazi.

Teritwari mbili, imani nyingi

Masisi iko na sheferi mbili, Bahunde na Bashali, pamoja na sekta mbili, Osso-Banyungu na Katoyi. Huko wanaishi Wahunde, Wahutu, Watutsi, Watembo, Watwa na wengine. Walikale, teritwari kubwa ya pori, iko na sekta mbili: Wanianga na Bakano. Humo wanaishi Wanyanga, Wakano, Wakumu, Warega, Watembo na majirani waliofika juu ya biashara, madini ao vita.

Kwa upande wa imani, kuna Wakatoliki, Waprotestanti, Waadventista, Wakimbanguisti, Waislamu na makanisa ya uamsho. Watu wengi wanasali kanisani na bado wanaheshimu mila za mababu, hata kama hawasemi hadharani. Kila kundi iko na nyimbo zake, namna yake ya kucheza na hadithi zake za jioni.

Karisi, chuo cha Wanyanga

Mfano mkubwa unaojulikana hata nje ya Kongo unatoka Walikale. Wanyanga wako na masimulizi marefu yanayoitwa karisi. Jina hilo lina maana mbili. Karisi ni ile hadithi yenyewe ya shujaa, na ni roho pia. Kadiri ya imani ya wazee, roho Karisi ndiye aliyemtaka mtu fulani ajifunze hadithi na kuiimba, na ndiye aliyemlinda asipatwe na ugonjwa. Kwa hiyo mwimbaji hakuwa mchekeshaji wa watu tu. Aliitwa Shekarisi, ni kusema mwenye karisi, na kila mara aliposimama kuimba alikuwa anatimiza deni lake kwa roho.

Mwaka 1956, mtaalamu wa mila kutoka Ubelgiji, Daniel Biebuyck, alikutana na Shekarisi Candi Rureke katika kijiji cha Bese. Rureke alikubali kutoa karisi yote, jambo ambalo kwa kawaida halikufanyika, juu watu walizoea kusikia kipande kimoja kwa jioni moja. Kazi hiyo ilichukua siku 12. Rureke aliimba, alisimulia, alicheza na kuigiza, mkononi akiwa na kibuyu chenye punje ndani. Wasaidizi wake walikaa kando wakipiga mti mkavu kwa vijiti na kuitikia. Watu wa kijiji nao waliitikia, walicheka, walitoa zawadi. Maneno yaliandikwa mbio mbio kwa msaada wa vijana Wanyanga. Mwaka 1969 yalitoka katika kitabu kwa Kinyanga na Kiingereza, kilichotayarishwa na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha, yeye mwenyewe Mnyanga. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa kitabu kingine chenye masimulizi mengine ya Wanyanga.

Namna ya kujifunza karisi ndiyo inayogusa makala hii. Hapakuwa na darasa lenye ubao wala kitabu. Mwenye karisi alichagua vijana wachache, mara nyingi wa ukoo wake ao wa wakwe. Walianza kwa kupiga kile kijiti. Kisha walijifunza kuitikia. Miaka ilipopita walishika kipande, halafu kipande kingine. Kijana alijifunza wimbo na wakati huo huo alijifunza adabu: namna ya kukaa mbele ya wazee, majina ya roho na ya mababu, wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza.

Hadithi ya Mwindo inafundisha nini

Shujaa wa karisi ya Rureke ni Mwindo. Baba yake, Shemwindo, chifu wa kijiji cha Tubondo, alikatazia wake zake wasimzalie mtoto mwanaume. Mwindo akazaliwa hata hivyo, akitembea na kusema siku ile ile. Baba akajaribu kumwua kwa mkuki, akamzika akiwa hai, mwishoni akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ile ngoma ilielea juu ya maji. Mtoto aliimba ndani yake mpaka akafika kwa shangazi yake Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, bwana wa maji.

Mwindo alirudi kupigana. Baba akakimbilia chini ya udongo, kwenye makao ya wafu. Huko Mwindo alimkuta Kahindo, binti wa Muisa, mwenye vidonda mwili mzima. Hakumkimbia. Alimwosha vidonda, na Kahindo akamfundisha namna ya kuponyoka mitego ya baba yake. Mwishoni Mwindo alimpata Shemwindo, lakini hakumwua. Alimrudisha nyumbani. Mbele ya watu wote wa Tubondo, na Iyangura akiwa kati yao, baba alikiri kosa lake, na baba na mwana wakagawana utawala.

Hata hapo hadithi haijaisha. Mwindo mwenyewe alijaa kiburi, akaua nyoka-joka wa pori aliyekuwa rafiki ya Nkuba, bwana wa radi. Nkuba akamchukua mbinguni, akamwacha kwenye mvua, baridi na jua kali muda wa mwaka mmoja. Aliporudi alikatazwa kuua wanyama, na aliwapa watu wake sheria za maisha: walime vyakula vingi, waache magomvi, wasimcheke mlemavu, wapokee kila mtoto anayezaliwa, na chifu na watu wake waheshimiane.

Mtu anaweza kuisikiliza hadithi hii bila kuamini Nkuba wala Muisa. Lakini somo lake ni la roho kabisa: nguvu bila unyenyekevu inaharibu, na ugomvi wa nyumba unaisha pale kosa linapotajwa mbele ya wote. Katika eneo lililojaa mafarakano ya ardhi na utawala, somo hilo si la makumbusho.

Kwa majirani Warega: methali yenye sura

Kusini mwa Walikale, kuelekea Shabunda, Pangi na Mwenga, Warega wako na Bwami. Bwami ni chama cha ngazi kwa ngazi, na wake wa wanachama nao wako na ngazi zao. Kupanda ngazi ni kuingia darasani. Mwalimu anaonyesha kitu: sanamu ndogo ya mti ao ya pembe ya tembo, kinyago, gamba la mnyama. Anacheza nacho, anaimba methali, na mwanafunzi anatafuta maana yake. Kitu kimoja kinaweza kuwa na methali nyingi, kadiri ya namna kinavyochezeshwa. Shabaha si uzuri wa sanamu. Ni kumjenga mtu mpole, mwenye kiasi, anayejua kujizuia.

Utawala wa Wabelgiji uliogopa chama hicho na kukipiga marufuku mwaka 1948. Vitu vingi vilitoka Kongo, na leo viko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Huko vinasimama ndani ya kioo bila wimbo, bila ngoma na bila methali. Sanaa ya kiroho ikitengwa na darasa lake, inabaki kuwa kitu cha kutazama tu.

Ngoma inaingia kanisani

Wamisionari wengi wa kwanza walikataza ngoma za jadi kanisani, juu waliziona kuwa za mizimu. Mambo yalibadilika polepole. Katika miaka ya 1950, padri Guido Haazen, Mbelgiji aliyefanya kazi Kamina, aliunda kundi la waimbaji na wapiga ngoma, na mwaka 1958 Missa Luba yao ilisikika hadi Ulaya. Kisha Kadinali Joseph-Albert Malula wa Kinshasa alipigania Misa yenye sura ya Kongo. Mwaka 1988 Roma ilikubali kitabu cha Misa kwa majimbo ya Zaire. Katika ibada hiyo watumishi wanacheza wakizunguka altare, taifa linaitikia kwa nguvu, na mababu wenye moyo mnyoofu wanaombwa pamoja na watakatifu.

Kwa Waprotestanti njia ilikuwa nyingine, lakini ilifika karibu fasi ile ile. Korali ikawa moyo wa parokia. Kijana anayejiunga na korali anapata nidhamu, marafiki na fasi ya kusema mambo mazito ambayo nyumbani hayasemeki. Wimbo wa maombolezo unamruhusu mtu alie katikati ya wengine bila haya. Wimbo mpya uliotungwa baada ya msiba unaweka majina na siku katika kumbukumbu ya kanisa, hata kama hakuna aliyeandika kitabu.

Vita vinavunja darasa

Machi 1993, mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, Walikale, na vita vikaenea hadi Masisi. Tangu pale watu wa teritwari hizi mbili wamekimbia mara nyingi kuliko wanavyoweza kuhesabu. Mwaka 2024 kambi za Bulengo, Lushagala, Rusayo na nyingine pembeni ya Goma zilijaa familia, nyingi zikiwa za Masisi. Januari 2025 Masisi-katikati ilitekwa na M23, na Machi mwaka ule ule waasi hao walifika Walikale-katikati, kisha wakaondoka. Februari 2025 zile kambi za Goma zilibomolewa, na watu wakaanza safari upya.

Mtu akikimbia anabeba sufuria, godoro na mtoto. Ngoma inabaki. Mzee anayejua karisi ao nyimbo za kufunga matanga anaangukia kijiji kimoja, wajukuu wanaangukia kijiji kingine. Ule mkao wa jioni, ambapo mtoto anapiga kijiti na kuitikia, unahitaji fasi moja, watu wale wale na miaka mingi. Vita vinanyima yote matatu.

Hata hivyo korali haifi haraka. Katika kambi, hema ao kibanda cha mbao kinageuka kanisa, na siku chache baadaye kuna repetisyo. Mashirika nayo yanafungua nafasi za watoto, ambamo watoto wanaimba, wanachora, wanacheza michezo ya kuigiza. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2007 juu ya msaada wa kisaikolojia wakati wa dharura unasema wazi kwamba mila, ibada na desturi za kiroho za wenyeji zisaidiwe, kama hazidhuru mtu. Kwa maneno mengine, kuimba, kuomboleza na kufanya matanga ni sehemu ya msaada, sawa na maji na unga.

Atelye moja, hatua kwa hatua: Mti wa uzima

Kati ya mafunzo yanayotumia sanaa kwa watoto walioona makubwa, kuna moja rahisi linaloitwa Mti wa uzima. Lilianzishwa katikati ya miaka ya 2000 na Ncazelo Ncube, mwanasaikolojia wa Zimbabwe, akiwa na David Denborough wa Australia, kwa ajili ya watoto waliofiwa na wazazi. Tangu pale limetumika katika inchi nyingi. Karatasi na rangi zinasaidia, lakini makaa juu ya kipande cha karato, ao kijiti juu ya udongo, vinatosha.

Mizizi: mtoto anachora alikotoka. Kijiji, ukoo, lugha, wimbo wa nyumbani, sala aliyofundishwa na bibi.

Udongo: fasi anaishi leo na kazi anazofanya kila siku.

Shina: yale anayojua kufanya. Kupika, kuchunga mbuzi, kubeba mdogo wake, kuimba.

Matawi: matumaini yake na ya watu wake juu yake.

Majani: watu wa maana kwake, walio hai na waliokufa. Waliokufa wanatajwa kwa wema waliomfanyia.

Matunda: zawadi alizopokea, hasa zile zisizoshikika, kama upendo ao shauri zuri.

Miti yote inawekwa pamoja na kuitwa pori. Watoto wanazunguka, kila mmoja anasema neno zuri juu ya mti wa mwenzake. Ni baada ya hapo tu ndipo kundi linazungumza juu ya dhoruba: mambo gani yanapiga miti, na wanyama wa pori wanafanya nini dhoruba ikija. Mtoto halazimishwi kueleza mabaya aliyoona. Kwanza anasimama fasi salama, kisha anaangalia dhoruba akiwa hapo. Mwishoni kuna wimbo, ngoma na cheti kidogo chenye mambo mema aliyoyataja.

Kwa mtoto wa Walikale, mti na pori havihitaji maelezo. Na lile jani la marehemu linamrudisha kwenye jambo ambalo mababu na kanisa wote wanalijua: waliotutangulia hawajapotea kabisa.

Mambo yanayoleta ugomvi

Swali la kwanza ni la imani. Wapasta wengine wanasema karisi, ngoma za jadi na majina ya roho ni upagani, kwa hiyo vijana wasiviguse. Wazee wengine nao wanasema hadithi ikitolewa bila heshima za roho inakufa. Njia inayotumika fasi nyingi ni kutofautisha kusimulia na kuabudu. Mwalimu wa shule anaweza kusimulia Mwindo kama fasihi ya inchi. Familia inayotaka kufanya ibada inafanya kwake. Atelye ya watu wa imani nyingi isimlazimishe mtoto yeyote kusali kwa namna ya mwenzake, na wazazi waelezwe mapema nini kitafanyika.

La pili ni kabila. Ngoma inaweza kuunganisha, inaweza pia kutenga. Wimbo wa sifa za vita vya zamani, ukiimbwa mbele ya jirani aliyefiwa, unafungua kidonda. Makundi ya tamthilia shirikishi ya mashariki mwa Kongo yanaonyesha ugomvi kwa kutumia wahusika wasio na kabila la wazi, kisha yanaita watazamaji waingie mchezoni wabadilishe mwisho. Korali inayoimba kwa Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga na Kiswahili katika ibada moja inafanya kazi hiyo hiyo bila hotuba.

La tatu ni usalama wa mtoto. Mchoro wa mtoto si ushahidi wa kumshitaki. Mtoto akichora moto, nyoka ao mtu mweusi usiku, asiitwe mchawi na asipelekwe kwenye maombi ya kumfukuza pepo. Mchoro wake usipigwe picha na kutumwa kwenye simu za watu. Na kama mtoto ao mtu mzima halali, hali, ao anataka kujiumiza, wimbo hautoshi: apelekwe kwenye kituo cha afya.

Kuhifadhi sauti kabla haijanyamaza

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 unahesabu masimulizi ya midomo, ngoma na ibada kuwa urithi sawa na majengo. Ndio uliowezesha rumba ya Kongo kuandikwa katika orodha ya dunia Desemba 2021. Rumba ilikuwa na sahani, kaseti na redio. Wimbo wa matanga wa kijiji kimoja cha Masisi uko paka ndani ya kifua cha mama mmoja ao wawili.

Kuuokoa hakuhitaji mradi mkubwa. Simu ya kawaida inarekodi sauti. Kwanza mzee aombwe ruhusa na aeleze nani anaweza kusikia, juu kuna nyimbo ambazo si za kila mtu. Kisha jina la kijiji, lugha, tarehe na maana ya wimbo visemwe mwanzoni mwa rekodi. Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine kwa shule, parokia ao redio ya karibu. Rekodi bila maelezo inafanana na ile sanamu ya Warega ndani ya kioo.

Lakini rekodi ni msaada wa pili. Wa kwanza ni kumkalisha mtoto kando ya mzee. Candi Rureke alitoa karisi yote kwa siku 12 na ikaandikwa, na kwa sababu hiyo dunia inamjua Mwindo. Vijana waliokuwa wakipiga kijiti pembeni yake walipata kitu ambacho kitabu hakikubeba: pumzi, hatua, mahali pa kunyamaza. Popote familia ya Masisi ao Walikale imefika leo, kama kuna mzee anayekumbuka na mtoto anayeweza kuitikia, darasa linaweza kuanza tena jioni hii.